Zafarani niliyouza haikuwa zafarani

Muhula uliopita boom lilichelewa. Kwa msomaji wa gazeti hili maelezo hayo yanatosha. Wapo waliouza chapati koridoni, wapo waliochapa kazi za wenzao kwa malipo, na jamaa mmoja wa ghorofa ya juu alinyoa nywele nusu ya bweni. Mimi niliuza zafarani.

Biashara yenyewe ilikuwa rahisi. Nilikwenda soko moja mjini, nikamkuta muuza viungo mwenye mfuko wa nyuzi nyekundu, akanipimia gramu 20 kwa shilingi 30,000. Nikarudi chumbani, nikazigawa kwenye vifuko vidogo vya nusu gramu, kila kimoja shilingi 2,000. Vifuko 40, shilingi 80,000. Kisha nikaandika tangazo kwenye kundi la WhatsApp la bweni: "Zafarani halisi. Huongeza kumbukumbu, huondoa msongo wa mawazo na sonona. Tafiti zinaonyesha." Niseme ukweli mapema: wakati naandika maneno hayo mawili ya mwisho sikuwa nimesoma utafiti hata mmoja. Na mimi ni mwanafunzi wa kemia wa mwaka wa tatu.

Vifuko viliisha ndani ya wiki. Wiki mbili baadaye alikuja dada mmoja kugonga mlango wangu. Mwenzake wa chumbani alikuwa mmoja wa wateja wangu. Alikuwa anatumia vidonge vya sonona alivyoandikiwa hospitali, akasoma tangazo langu, akaviacha, akawa anakunywa chai ya zafarani asubuhi na jioni. Sasa hakuwa analala, hali chakula, na darasani alikuwa hajaonekana siku kadhaa. "Wewe ndiye uliyemuuzia," yule dada aliniambia, "sasa njoo umwambie mwenyewe kama ni dawa."

Nitarudi kwake mwishoni. Usiku ule nilibaki na maswali mawili. La kwanza: nilichouza kilikuwa zafarani kweli? La pili: hata kama ilikuwa zafarani, je, inafanya nilichosema inafanya? Makala haya ni majibu niliyoyapata, mengine maktaba, mengine maabara.

Ua lisilozaa

Zafarani ni nyuzi zilizokaushwa za ua la mmea uitwao Crocus sativus. Mmea wenyewe ni mfupi, haufiki goti. Ua lake ni la zambarau, na katikati yake zinachomoza nyuzi tatu nyekundu. Hizo ni sehemu ya kike ya ua, ile inayopokea chavua. Zafarani ni hizo nyuzi tatu tu. Yaliyobaki ya ua si zafarani.

Jambo la kushangaza ni kwamba sehemu hiyo ya kike haizai kitu. Mimea mingi ina seti mbili za kromosomu, moja kutoka kwa kila mzazi, na wakati wa kutengeneza mbegu seti hizo hupangana jozi kwa jozi na kugawana sawa. Zafarani ina seti tatu za kromosomu nane nane, jumla 24. Tatu haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo mpangilio unavurugika na mbegu haipatikani. Usidhani ni jambo la mbali: ndizi nyingi tunazokula zina seti tatu vilevile, ndiyo maana hazina mbegu na tunapanda machipukizi. Zafarani nayo hupandwa kwa tunguu, mfano wa kitunguu kidogo chini ya ardhi ambacho huzaa tunguu wenzake. Babu yake wa porini, Crocus cartwrightianus, bado yupo Ugiriki. Lakini zafarani yenyewe haiwezi kujieneza bila mkono wa mtu. Na kwa kuwa mimea yote inafanana mno kwa urithi, tofauti kubwa ya ubora kati ya zafarani ya shamba hili na lile hutokana zaidi na udongo, hali ya hewa, uvunaji na ukaushaji kuliko na "mbegu bora".

Karibu asilimia 90 ya zafarani ya dunia hutoka Iran, hasa majimbo ya Khorasan upande wa mashariki. Kiasi kidogo hutoka Herat huko Afghanistan, Pampore huko Kashmir, La Mancha huko Hispania, na Kozani huko Ugiriki. Afrika nayo ipo: eneo la Taliouine, kusini mwa Moroko, wanalima zafarani yenye sifa.

Mbona sisi hatuna mashamba yake, na viungo vingine tunavyo tele? Jibu liko kwenye kalenda ya mmea. Tunguu hulala ardhini wakati wa kiangazi kikavu chenye joto, na wakati huo, kwenye nyuzi joto 23 hadi 27 hivi, ndipo ua linaanza kuumbika ndani yake. Lakini halitoki mpaka joto lishuke hadi kama nyuzi 17. Huko kwao kushuka huko hutokea Oktoba na Novemba, na mashamba yanageuka zambarau ndani ya majuma machache. Karafuu inataka joto na unyevu mwaka mzima. Zafarani inataka ishara ya majira. Mtu wa Pwani anayeuziwa "zafarani ya shamba letu hapahapa" ana haki ya kuuliza maswali.

Hesabu niliyopaswa kuifanya sokoni

Maua huchumwa kwa mkono, alfajiri, kabla jua halijayafungua na kuyanyausha. Siku hiyohiyo watu hukaa chini na kutoa nyuzi, ua kwa ua, kwa vidole. Kisha nyuzi hukaushwa, na kilo tano mbichi hubaki takribani kilo moja. Kwa makadirio ya kawaida, kilo moja ya zafarani kavu inahitaji maua kama 150,000.

Shusha hesabu hiyo hadi kwenye kifuko changu. Gramu moja ni maua 150, nyuzi 450. Mimi nilinunua gramu kwa shilingi 1,500. Maana yake kila ua lilinigharimu shilingi kumi: humo ndani kuna kulima, kuinama alfajiri, kuchambua, kukausha, kusafirisha kutoka ng'ambo, ushuru, na faida ya kila mkono uliopitisha. Shilingi kumi! Hata pipi huipati. Kama ningefanya hesabu hii ya darasa la tano pale pale mbele ya yule mfanyabiashara, ningeokoa mengi.

Bei hii ndiyo sababu udanganyifu wa zafarani ni mkongwe kama biashara yenyewe. Katika karne ya 15, mji wa Nuremberg huko Ujerumani ulikuwa na wakaguzi na sheria maalumu ya zafarani, na waliokamatwa wakiichanganya waliweza kuchomwa moto pamoja na bidhaa yao. Nilisoma habari hiyo nikiwa na shilingi 80,000 za wenzangu mfukoni.

Arobaini ni ishirini na kumi na kumi

Sasa tuingie kwenye kemia, maana hapa ndipo zafarani inapopendeza. Mambo matatu huitambulisha: rangi, ladha chungu, na harufu. Kila moja ina molekuli yake. Rangi ni krosini, uchungu ni pikrokrosini, harufu ni safranali. Na zote tatu zina asili moja.

Asili hiyo ni zeaksanthini, rangi ya njano yenye kaboni 40. Unaijua bila kujua kwamba unaijua: ndiyo mojawapo ya rangi zinazoyapa mahindi ya njano unjano wake, na jina lenyewe limetokana na jina la kisayansi la mahindi, Zea mays. Ndani ya nyuzi za zafarani kuna kimeng'enya kinachoitwa CCD2, kilichoelezwa na watafiti mwaka 2014, ambacho hukata molekuli hiyo mahali pawili, kila upande mara moja. Chukua muwa wa pingili nne, ukate pingili moja kila ncha: unabaki na kipande kirefu cha katikati na vipande viwili vifupi. Arobaini inakuwa ishirini, na kumi, na kumi.

Kipande cha katikati, chenye kaboni 20, hugeuzwa kuwa krosetini. Kisha mmea huibandika sukari: glukosi mbili upande huu, mbili upande ule. Glukosi moja ina kaboni sita, nne zina 24. Ishirini ongeza 24 ni 44, na ukifungua kitabu utakuta krosini kuu ya zafarani imeandikwa C44H64O24. Hesabu imekubali.

Sukari hizo si pambo. Karotenoidi nyingine, kama zile za karoti au mawese, haziyeyuki kwenye maji. Ndiyo maana mchuzi wa mawese huonyesha mafuta mekundu yakielea juu. Krosini huyeyuka kwenye maji kwa sababu ya zile sukari. Hapa Pwani watu wametumia sifa hii kwa muda mrefu bila kuhitaji fomula. Wanaoandika kombe huandika aya kwenye sahani kwa wino wa zafarani, kisha huiosha kwa maji na mgonjwa akayanywa. Wino wa mafuta usingeachia sahani namna ile. Siku hizi, kwa sababu ya bei, wapo wanaoandikia rangi ya chakula, na hiyo nayo huyeyuka. Lakini wanaoijua zafarani hutofautisha kwa harufu.

Vile vipande viwili vya kaboni kumi ndivyo vinavyotengeneza uchungu na harufu. Kipande cha kumi kikibandikwa glukosi moja kinakuwa pikrokrosini, kaboni 16, chungu. Nyuzi zikikaushwa, joto linavunja muungano ule, glukosi inatoka, maji yanatoka, na kinachobaki ni safranali, kaboni kumi tena, nyepesi kiasi cha kupaa hadi puani. Ndiyo maana nyuzi mbichi hazina harufu ile tunayoijua. Harufu ya zafarani huzaliwa kwenye kukausha. Mkulima akikausha vibaya, kwa unyevu mwingi au moto mkali, anaweza kuharibu alichokipata kwa mwaka mzima ndani ya usiku mmoja. Na wewe ukiiacha kwenye kopo lililo wazi karibu na jiko, mwanga na hewa vitamaliza kazi.

Namba kwenye karatasi

Biashara ya kimataifa hupima zafarani kwa kiwango kiitwacho ISO 3632. Kanuni yake ni rahisi: kila molekuli hufyonza mwanga wa urefu fulani wa wimbi. Unaloweka nyuzi kwenye maji kwa saa moja gizani huku zikikorogwa, unazimua, unapitisha mwanga, na kusoma kiasi kilichofyonzwa. Nanomita 440 ni rangi, 330 ni uchungu, 257 ni harufu. Kwa toleo la mwaka 2011, zafarani ya daraja la kwanza lazima ipate rangi isiyopungua 200, daraja la pili 170, la tatu 120. Unyevu wa nyuzi usizidi asilimia 12. Ukiona namba kama 220 au 250 kwenye kopo la dukani, ndiyo hiyo ya rangi.

Niliomba ruhusa, na fundi sanifu wa maabara yetu akanipa saa mbili za spektrofotomita. Nilikuwa na kifuko kimoja kilichobaki, na kikopo kidogo alichokileta shangazi yangu anayeishi Maskati, ambako watu huitia kwenye kahawa. Nikapima miligramu 125 za kila moja, nikaloweka kwenye mililita 250 za maji, nikakoroga saa nzima, nikazimua mara kumi. Vikombe vyetu vya kupimia ni vya plastiki, na plastiki haipitishi vizuri mwanga wa 257, kwa hiyo harufu sikuipima. Nilipima rangi tu.

Ya shangazi ilisoma 0.96. Kwa kipimo nilichotumia unazidisha kwa 200: inakuwa 192, na ukiondoa uzito wa unyevu inapanda kidogo, karibu na mstari wa daraja la kwanza au juu yake. Ya kwangu ilisoma 0.21. Mara 200, ni 42. Haikufika hata nusu ya daraja la mwisho.

Lakini namba haikuwa habari mbaya kuliko zote. Nilipochora mkondo mzima wa ufyonzaji, ya shangazi ilikuwa na kilele karibu na 440 chenye bega upande wa kulia, kama inavyopaswa kuwa krosini. Ya kwangu haikuwa na kilele pale kabisa. Kilikuwa upande wa 400. Hiyo si zafarani mbovu au ya zamani. Ni kitu kingine. Nikachukua lenzi. Uzi wa zafarani uliolowa hufunguka kama tarumbeta, mwembamba chini na mpana juu, wenye meno kwenye ukingo. Nilichokuwa nacho ni mirija myembamba iliyogawanyika juu kuwa vidole vitano. Ni petali za kartamu, Carthamus tinctorius, mmea wa jamii ya alizeti ambao petali zake zimetumika kudanganyia zafarani kwa karne nyingi. Kartamu si sumu kwenye pilau. Ila si zafarani.

Niongeze angalizo kwa wenzangu wanaopenda namba. Kiwango cha ISO hakimkamati kila mwizi. Rangi ya chakula iitwayo tartrazini hufyonza mwanga karibu na pale pale pa krosini, hivyo inaweza kupandisha namba ya 440. Namba ya 257 nayo husomwa kama "safranali" ilhali vitu vingine ndani ya nyuzi hufyonza hapohapo, na safranali yenyewe haiyeyuki vizuri kwenye maji. Watafiti waliochanganya kwa makusudi kartamu au manjano kwenye zafarani ya unga wameonyesha kwamba mchanganyiko wa asilimia 10 hadi 20 unaweza kupita kipimo hiki bila kugunduliwa. Ndiyo maana maabara kubwa huongeza mbinu ya kromatografia, inayotenganisha molekuli moja moja, au hupima vinasaba. Mashine ikikupa namba, imejibu swali uliloiuliza tu.

Bila mashine, jikoni

Wengi wetu hatuna spektrofotomita, ila tuna glasi ya maji. Mambo manne yanaweza kufanyika chumbani.

Kwanza, nunua nyuzi, usinunue unga. Unga huficha kila kitu.

Pili, tia nyuzi chache kwenye maji ya baridi na usubiri. Zafarani huachia rangi polepole, ya dhahabu, na uzi wenyewe hubaki mwekundu hata baada ya dakika kumi na tano. Nyuzi zilizotiwa rangi, ziwe ndevu za mahindi au karatasi, huachia rangi mara moja, mara nyingi nyekundu, zenyewe zikabaki zimepauka. Hili ningeweza kulifanya siku ile ile niliyonunua.

Tatu, onja. Zafarani ni chungu, ijapokuwa harufu yake ina utamu wa asali. Ikiwa tamu ulimini, mtu ameipaka kitu, pengine ili iongezeke uzito.

Nne, ikiwa umeuziwa unga na unashuku ni manjano, chukua magadi kidogo, koroga kwenye maji, utie na huo unga. Manjano hugeuka nyekundu ya kahawia kwenye magadi. Zafarani hubaki njano. Akina mama wameliona hili kwenye sufuria miaka mingi. Sisi tunaliita kiashirio cha asidi na besi na tunaliandikia ripoti.

Majaribio haya hukuonyesha uongo wa wazi. Hayawezi kukuhakikishia usafi.

Je, inatibu?

Hili ndilo swali lililonikosesha usingizi, na jibu lake si "ndiyo" wala "hapana".

Utafiti upo kweli. Mwaka 2004 kundi la watafiti wa Tehran lilichapisha jaribio la watu 30 wenye sonona ya kiwango cha chini hadi cha kati. Nusu walipewa zafarani miligramu 30 kwa siku, nusu dawa ya imipramini, kwa wiki sita. Mwaka 2005 yakafuata mengine: moja la watu 40 likilinganisha zafarani na kidonge kisicho na dawa, jingine la watu 40 likiilinganisha na fluoksetini. Zafarani ilifanya vizuri kuliko kidonge kitupu, na haikuonekana kuachwa na dawa. Majaribio mengi yamefuata, na mwaka 2019 uchambuzi uliokusanya tafiti 23 ulikuta kwa jumla kuna nafuu kwenye sonona na wasiwasi.

Mpaka hapo tangazo langu linaonekana halina kosa. Sasa soma maandishi madogo.

Moja, ukubwa. Watu 30 wakigawanywa mara mbili ni 15 kwa 15. Kusema "hatukuona tofauti kati ya zafarani na dawa" kwa idadi hiyo si sawa na kusema "havina tofauti". Peleka pete mbili za dhahabu kwa muuza nyama, azipime kwenye mizani yake ya kilo. Mshale hautasogea kwa zote mbili. Hujathibitisha kuwa pete zina uzito sawa. Umethibitisha kuwa mizani ni ya nyama.

Mbili, mahali. Uchambuzi ule wa 2019 wenyewe ulitahadharisha kwamba tafiti nyingi zimetoka eneo moja la dunia, na kwamba zipo dalili za upendeleo wa uchapishaji, yaani majaribio yenye matokeo mazuri huchapwa, yasiyo na matokeo hubaki kabatini. Si kwamba watafiti wa Iran wana kosa. Wao ndio wenye zao, ni haki yao kulichunguza kwanza. Ila jambo la afya linahitaji kurudiwa na wengi, mahali pengi.

Tatu, nani alipimwa. Walikuwa watu wenye sonona ya chini hadi ya kati, chini ya uangalizi wa daktari, wakihojiwa kila baada ya muda. Hakuna aliyeambiwa aache dawa zake ghafla akiwa bweni peke yake.

Nne, walipewa nini. Walipewa vidonge vya dondoo ya zafarani iliyopimwa, dozi ileile kila siku. Hakukuwa na chai ya nyuzi za sokoni. Krosini yenyewe haiingii mwilini ilivyo. Utumbo huivua sukari zake kwanza na kuigeuza krosetini. Kiasi kinachofika kwenye damu kinategemea mengi ambayo kikombe cha chai hakiyapimi.

Kuna maeneo mengine yanayochunguzwa. Huko Italia, mwaka 2010, jaribio dogo la watu 25 wenye ugonjwa wa retina unaowapata wazee lilitumia miligramu 20 kwa siku na kuona dalili za kuboreka kwa utendaji wa jicho. Inavutia, lakini watu 25 ni mwanzo wa mazungumzo tu. Kuhusu "kuongeza kumbukumbu" ya mwanafunzi mzima anayekesha na past papers, sikukuta ushahidi wa kunipa ujasiri wa kuandika lile tangazo.

Na usalama? Kiasi cha kupikia hakina tatizo kwa watu wengi. Vitabu vya dawa hutaja hadi gramu 1.5 kwa siku kuwa haina madhara makubwa, gramu 5 kuanza kuwa sumu, na kiasi kikubwa zaidi kuweza kuharibu mimba. Mjamzito na anayetumia dawa za sonona, damu au presha amuulize daktari kwanza. Kitu kinachoweza kutibu ni kitu kinachoweza kudhuru. "Cha asili" haimaanishi kinyume.

Nilichofanya

Nilikwenda kwa yule dada na karatasi ya mkondo wangu mkononi. Nilidhani nitamweleza krosini na nanomita. Nikajikuta nasema sentensi moja tu: nilichokuuzia si zafarani, na hata kingekuwa zafarani nilikudanganya niliposema ni dawa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nakunywa maua?" Nikamjibu ndiyo.

Kesho yake mimi na mwenzake wa chumbani tulimsindikiza hospitali. Daktari hakutugombeza sana. Alimrudishia dawa zake kwa utaratibu wake, na akamweleza kwamba dawa za sonona haziachwi kwa siku moja hata ukijisikia umepona. Hupunguzwa kidogo kidogo na aliyezitoa. Muhula huu yupo darasani. Ameniruhusu kuandika haya bila jina lake, kwa sharti moja: nisiandike kama vile alikuwa mjinga. Hakuwa. Vidonge vilimpa kichefuchefu, alichoka kuulizwa ni vya nini, na mwanafunzi wa kemia alimwambia kwamba tafiti zinaonyesha. Aliamini neno letu sote.

Wateja wengine niliwarudishia pesa zao, wale niliowakumbuka. Shilingi 80,000 zilikwisha kabla orodha haijaisha, na nilimalizia kwa boom lilipotoka. Kwa muuzaji nilirudi pia. Alinitazama, akasema naye aliuziwa hivyohivyo, na pengine ni kweli. Kartamu ile ilikuwa imepita mikono mingi, na kila mkono uliiita zafarani.

Ninachoomba kwako ni kidogo. Ukiona mtu ameandika "tafiti zinaonyesha", hata kama ni mimi, muulize: watu wangapi, wapi, walipewa nini hasa, na walilinganishwa na nani? Ni maswali manne, hayahitaji digrii. Na kama wewe au mwenzako wa chumbani mnatumia dawa ya akili au ya kitu chochote, msiiache kwa sababu ya tangazo la bweni. Gongeni mlango wa zahanati kwanza.

Kikopo cha shangazi bado kina nyuzi chache. Nimezihifadhi gizani, kifuniko kimekazwa. Sikukuu ikifika nitazitia kwenye biriani, nyuzi kumi hivi zilizolowekwa kwenye maji vuguvugu, na mtakaokula mtaniambia ladha. Kuhusu kumbukumbu sitaahidi kitu.